Waliolala Bagamoyo: Historia Fupi ya Makaburi ya Misheni

Ukiingia misheni ya Bagamoyo unapita chini ya miembe iliyopandwa mwaka 1871, unaliona kanisa kubwa, unauona mnara wa kanisa la zamani, kisha unaelekea makumbusho katika nyumba iliyokuwa ya masista. Wageni wengi hupiga picha hapo na kurudi kwenye basi. Makaburi yako humo humo kwenye uwanja wa misheni: misalaba myeupe imesimama safu kwa safu kwenye mchanga, na karibu kila jina juu yake ni la mtu aliyetoka mbali. Soma mwaka wa kuzaliwa, kisha mwaka wa kufa. Wengi hawakufika arobaini.

Misheni hii ilianza tarehe 4 Machi 1868. Zaidi ya miaka saba nyuma yake, Desemba 1860, Padre Armand Fava alikuwa amefika Unguja na wenzake kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 kazi hiyo ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner. Horner ndiye aliyevuka maji kuja Bagamoyo, mahali ilipoishia njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji na Tabora. Yeye na wenzake walitaka kufungua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto: wasome, wajifunze ufundi, walime, waoane, waanze maisha.

Kifo hakikuwasubiri wajipange. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliiharibu vibaya Unguja na pwani yake. Aprili 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila walichokuwa wamejenga. Na siku zote kulikuwa na homa. Dawa ya kwinini walikuwa nayo, lakini hawakujua ugonjwa unatoka wapi; ni mwaka 1897 tu Ronald Ross alipothibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu, karibu miaka thelathini baada ya Horner kutua. Kwa hiyo padre kijana alishuka melini, akalala dirisha likiwa wazi apate upepo wa bahari, na baada ya wiki chache akaanza kutetemeka. Mwenzake aliyemfumba macho alijua zamu yake inaweza kuwa mwezi ujao. Hata hivyo meli iliyofuata ilileta wengine.

Si wote waliopita hapa walipata kulala hapa. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulianza safari Bagamoyo kuelekea Ziwa Victoria na Tanganyika, na Padre Pascal akafia njiani kabla hawajafika. Kutoka Bagamoyo hiyo hiyo misheni zilifunguliwa Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, na baadaye Kilema kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kila kituo kilichimba makaburi yake mapema, mara nyingi kabla ya kupata kanisa la mawe.

Lakini msiba unaotajwa kuliko yote hapa ni wa mtu ambaye hakuzikwa hapa, wala hakuwa Mkatoliki. Februari 1874 watu wa David Livingstone, wakiongozwa na Chuma na Susi, walifika na mwili wake baada ya safari ya miguu ya zaidi ya kilomita 1,500. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Moyo wake waliuzika huko chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani, wakauviringisha katika kaniki na magome ya mti, kisha wakaufunga kama mzigo wa kitambaa ili wenye vijiji njiani wasiwazuie. Ule mzigo ulipumzishwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mapadre Wafaransa walimpokea mmisionari wa Kiprotestanti, kwa sababu maiti ni mgeni asiyefukuzwa.

Mimi hubaki nikiwafikiria wale wabebaji. Kwenye njia ile ile waliyoipita, mtumwa aliyeshindwa kutembea aliachwa pale alipoanguka. Hakuoshwa, hakusaliwa, hakuna aliyeandika jina lake. Ndiyo maana makaburi kwenye misheni ya waliokombolewa yalikuwa na maana kubwa kuliko tunavyodhani leo. Kanuni ya Kanisa, tangu kitabu cha ibada cha mwaka 1614, inamtaka paroko aandike kila mazishi katika daftari la wafu: jina, siku, mahali. Mtu aliyekuwa akihesabiwa kichwa kimoja sokoni akawa anafikia mwisho wake akiwa na jina la ubatizo, sala na mstari wake daftarini.

Ni haki pia kusema kwamba maisha kijijini hayakuwa mepesi. Waliokombolewa waliishi chini ya amri kali, wakafanya kazi katika mashamba ya misheni. Wapo walionung'unika, wapo waliotoroka. Bado kazi ya mikono yao ndiyo iliyobaki. Groto ya Bikira Maria, inayotembelewa na mahujaji hadi leo, ilijengwa mwaka 1876 na watu hao waliokombolewa.

Kanisa kubwa lilianza kujengwa mwaka 1910, likamalizika 1914. Mwaka 2018 Wakatoliki wa Tanzania Bara walikusanyika hapa kwa jubilei ya miaka 150 ya uinjilishaji.

Na huduma yenyewe ya makaburi? Haijabadilika sana, hapa na katika parokia zetu zote. Msiba ukitokea, habari hupelekwa jumuiya ndogo ndogo, na jumuiya humfikishia paroko. Kuna sala nyumbani, Misa kanisani, kisha maziko. Kaburi hubarikiwa, jeneza hunyunyiziwa maji ya baraka na kufukizwa ubani, udongo wa kwanza hutupwa kwa mkono. Padre akikosekana, katekista huongoza, na katika vigango vingi vya mbali katekista ndiye aliyewazika wazee wetu wote. Tangu mwaka 1963 Kanisa halikatazi kuchoma maiti, ila agizo la mwaka 2016 linataka majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kuhifadhiwa sebuleni.

Novemba ni mwezi wa marehemu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayezuru makaburi na kuwaombea wafu anaweza kuwapatia rehema kamili. Tarehe 2 padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu, ruhusa iliyotolewa na Papa Benedikto XV mwaka 1915, vita kuu ilipokuwa ikiua watu kuliko Misa zilivyoweza kuwafikia. Asubuhi hiyo akina mama huja na majembe na fagio, wanang'oa magugu, wanachomeka mishumaa mchangani na kuikinga upepo kwa viganja. Mtu anasoma majina, mengine ya watu wasiokumbukwa tena na yeyote aliye hai, na watu wote wanaitikia sala ileile kwa kila jina.

Ukienda Bagamoyo, usirudi kwenye basi baada ya makumbusho. Nenda makaburini, soma majina matatu au manne kwa sauti, waombee. Na ukirudi nyumbani, pita ofisi ya parokia yako uulize kama bibi na babu yako wameandikwa katika daftari la wafu. Kama hawamo, peleka majina yao na tarehe unazozijua wakati wanaowakumbuka bado wapo.