Hewa ukaa, mazuku na maji yasiyochemka

Hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, ni istilahi iliyoshika. Kijiji kikilipwa kwa kutunza msitu, magazeti huandika kwamba kimeuza hewa ukaa, na msomaji anaelewa. Lakini ukiipeleka istilahi hiyo kwenye chemchemi za milima ya volkano, inapwaya. Kilichomo ndani ya maji yale bado hakijawa hewa.

Tuchukue Rungwe, mkoani Mbeya. Kaboni dioksaidi hupanda kutoka kwenye magma kupitia nyufa za miamba hadi ikutane na maji ya mvua yaliyozama ardhini. Kwa mgandamizo wa huko chini, gesi huyeyuka majini, na sehemu yake hugeuka asidi hafifu inayomung'unya madini ya mwamba. Maji yanapofika juu, mgandamizo hupungua na gesi hutoka kwa viputo, kama soda iliyofunguliwa. Na soda haiko mbali: gesi ya asili ya Rungwe huvunwa na kuuzwa kwa viwanda vya vinywaji.

Anayeona viputo hivyo husema maji yanachemka. Kumbe kipimajoto kinaweza kuonyesha ubaridi wa maji ya mtoni. Kuchemka kunataka joto. Maji haya yanatoa gesi tu, na ni vyema tuseme hivyo.

Je, gesi ikishatoka? Hapo wasemaji wa Kiswahili wa Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, wana neno lao: mazuku, yaani upepo mbaya. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama mabondeni, hasa usiku usio na upepo. Haionekani, wala hainuki. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani, huanguka. Watu pia wamekufa. Wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo na kuliandika vilevile, mazuku, katika lugha zao.

Basi kila neno likae mahali pake: kaboni dioksaidi kwenye kemia, hewa ukaa kwenye tabianchi na biashara yake, mazuku kwenye gesi iliyotuama bondeni. Walimu wa jiografia na waandishi wa vibao vya tahadhari, litumieni hilo la mwisho. Wageni wameshalikubali; haifai sisi wenye lugha tuwe wa mwisho kulijua.