Wastani Unaolainisha: Kutoka kwa Maxwell hadi Mialo ya Geita

Katika mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu) ya Nyarugusu, mkoani Geita, dhahabu hunaswa kwa zebaki. Mchimbaji hukamua mchanganyiko kwa kitambaa mpaka libaki donge la rangi ya fedha, kisha hulichoma. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi. Donge hugeuka njano, mvuke huenda zake. Hewani, kwenye joto la kawaida, atomu ya zebaki hukimbia kwa wastani wa mita 177 hivi kwa sekunde, na ndani ya sekunde hiyo hugongana na chembe za hewa mara mabilioni. Nani ataifuatilia?

James Clerk Maxwell hakujaribu. Mwaka 1860 alihesabu ni sehemu gani ya chembe ina mwendo gani. Mwaka 1872 Ludwig Boltzmann akaandika mlinganyo unaoeleza jinsi mgawanyo huo unavyobadilika chembe zikisafiri na kugongana. Ni kazi kubwa mno, lakini kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyethibitisha kwamba mlinganyo huo una jibu la kudumu kwa gesi inayoanza katika hali yoyote ile. Tatizo ni kwamba safari peke yake hailainishi kitu: ukingo mkali wa wingu huhama tu, ukali wake ukabaki.

Njia ilifunguka miaka ya 1980. Agoshkov wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1984, na Wafaransa Golse, Perthame na Sentis mwaka 1985, waliacha kuangalia mwendo mmoja mmoja, wakajumlisha yote. Fikiria mnada wa ng'ombe Shinyanga: waliokutana uwanjani wametoka vijiji mbalimbali kwa njia mbalimbali, hivyo ukiwahesabu pale umegusa eneo zima. Chembe nazo ni hivyo. Zinazokutana mahali pamoja kwa miendo tofauti zilitoka sehemu tofauti, na wastani wa miendo huwa wastani wa mahali pengi, hivyo ukingo mkali hulainika. Sharti ni moja: miendo isiwe ya upande mmoja, maana hapo ukingo haulainiki.

Mwaka 1988, wakiwa na Pierre-Louis Lions, Wafaransa hao walipima faida ya kuchukua wastani: wastani hupanda nusu ngazi ya ulaini. Nusu tu, lakini ilitosha. Mwaka 1989 Ronald DiPerna na Lions walithibitisha kwamba mlinganyo wa Boltzmann una jibu, na mwaka 1994 Lions akapewa Nishani ya Fields.

Matokeo ya 1985 yalitumika pia kuvuka kutoka safari ya chembe hadi mtawanyiko wa polepole, na huo ndio mwenendo wa mvuke wa zebaki katika hewa tulivu. Wingu la aina hiyo halina mstari wa kusema hatari imeishia hapa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Vyuo vyetu viifundishe hesabu hii kwa mfano wa mialo ya Geita na Kahama, na anayechoma dhahabu leo atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, mbali na nyumba anayolala mtoto.