Kazi Inayofunzwa kwa Kuketi Karibu: Habari za Matabibu wa Mchezo

Wakati wa yubile ni desturi yetu kuwakumbuka waliotutangulia, na waalimu twawakumbuka kwanza, maana aliyefundisha wengine ameacha watu nyuma yake, si vitu tu. Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za kazi moja iliyokua mbali nasi, katika mji wa London, nayo ni kazi ya kuwatibu watoto wenye majonzi na hofu kwa njia ya mchezo. Si kazi ya dawa wala ya kisu. Na jambo tutakalo walione hasa ni hili: kazi hii haikutoka vitabuni peke yake. Ilipokewa kama useremala upokewavyo, mkono kwa mkono, mwanagenzi akiketi karibu na fundi wake.

Mtu mzima akifiwa hunena huzuni yake, na jamaa humsikiliza. Mtoto wa miaka minne hana maneno hayo. Huzuni yake hutokea kwa njia nyingine: hukojoa kitandani, huwauma wenziwe, huvunja vyombo, au hunyamaza kabisa. Wengi humwita mtukutu, wakampiga. Na lile lililomo moyoni hubaki pale pale.

Mwaka 1928 daktari mmoja, Bibi Margaret Lowenfeld, alifungua nyumba ya kuwatibu watoto wa namna hiyo huko London. Humo aliweka vitu vidogo vidogo vingi, mifano ya watu, wanyama, nyumba, miti na magari, tena na masinia ya mchanga na maji. Hakuwaagiza watoto la kufanya. Baada ya muda wao wenyewe walivitwaa vile vitu, wakavipanga mchangani, na kazi ile ikaitwa “ulimwengu”. Basi fundi huyu hakufundishwa njia hiyo na mkubwa yeyote. Watoto ndio waliokuwa waalimu wake, naye alikuwa na busara ya kukubali kufundishwa. Kisha wengine wakaja kujifunza kwake. Mwaka 1956 alikuja Bibi Dora Kalff wa Uswisi, naye aliporudi kwao akaiendeleza kazi ya mchanga kwa namna yake. Mpaka leo wafuatao njia yake hutakiwa kutia mikono yao wenyewe mchangani kwanza, mbele ya aliye mzoefu, kabla hawajaaminiwa kumpokea mtoto.

Katika mji ule ule palikuwa na mwalimu wa pili. Bibi Anna Freud alikuwa mwalimu wa shule huko Vienna, kisha akashika kazi ya kutibu watoto. Mwaka 1938 yeye na jamaa zake walikimbilia Uingereza kwa sababu ya Wanazi. Vita ilipokuja na ndege zikaupiga mji kwa mabomu, yeye na rafiki yake Bibi Dorothy Burlingham walifungua nyumba za kulea watoto katika mtaa wa Hampstead, mwaka 1941. Wasaidizi wao walikuwa hasa wasichana, na wengi wao wakimbizi. Hawakuwa na chuo; nyumba yenyewe ilikuwa chuo chao. Mchana waliosha watoto, wakawalisha na kucheza nao. Kazi ikiisha walifundishwa. Tena palikuwa na amri moja juu ya wote: kila mmoja aandike katika kadi yale aliyoyaona kwa watoto. Amri hiyo ilimhusu hata Bwana James Robertson, Mskoti, aliyeajiriwa kutunza moto wa kupashia nyumba joto na kutengeneza vilivyoharibika.

Kwa nini kuangaliwa hivi? Mfano mmoja watosha. Katika nyumba zile alikuwamo mvulana wa miaka minne, ambaye baba yake aliuawa na bomu. Alijenga nyumba za karatasi, akaziangushia gololi kama mabomu. Lakini kila mara watu wake wote waliokoka, na nyumba zikasimamishwa tena. Siku nyingi alirudia mchezo ule ule. Asiyefunzwa angalisema, “Acha, mchezo huo ni mbaya,” au, “Baba yako amekwisha kufa, wajua.” Waliofunzwa walingoja. Hata mtoto alipoweza kuyasimulia kwa kinywa chake yaliyompata, mchezo ule ulikoma. Kungoja kule ndiko kugumu kuliko yote kwa mwanagenzi, wala hakuna kitabu kiwezacho kumfundisha, maana mkono wataka kusaidia na ulimi wataka kunena.

Vita ilipokwisha mwaka 1945 nyumba zile zilifungwa, lakini mafunzo hayakufa. Mwaka 1947 Bibi Freud alianzisha masomo rasmi, na miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walikuwamo wasaidizi wale wa wakati wa vita. Naye mtunza moto? Alisomea kazi ya kuwahudumia watu, na mwaka 1952 alionyesha sinema ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku nane. Siku zile wazazi walizuiwa sana kuwaona watoto wao waliolazwa. Waganga wengi walikasirika, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilishauri wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao. Macho aliyofundishwa kwa zile kadi ndiyo yaliyoona.

Huko Marekani, Bibi Virginia Axline alitoa kitabu chake juu ya tiba ya mchezo mwaka 1947, akifundisha kwamba mtoto ndiye aongozaye na tabibu hufuata, wala asimharakishe. Leo viko vyama vya kazi hii, kimoja Marekani tangu 1982, na kingine Uingereza tangu 1992. Vyote hudai masomo ya chuo kikuu. Lakini havikuacha desturi ya kale. Mwanafunzi hana budi kukaa na watoto saa nyingi chini ya msimamizi, amweleze aliyoyatenda, na kukubali kuonywa.

Basi, waalimu wetu, mtu asijiite tabibu kwa kuwa amenunua vikaragosi na sinia ya mchanga. Moyo wa mtoto hauchezewi. Lakini kazi ya kwanza ya wanagenzi wale wa Hampstead kila mmoja wetu aiweza. Mtoto mtukutu darasani tumwangalie kabla ya kushika fimbo. Tuandike tulichokiona, si tulichokidhani. Kisha tuketi na mwenzetu mzoefu kuliko sisi, tumwulize. Hivyo ndivyo mtunza moto alivyoanza.