Nyota tano za Renault Laguna na namna ya kuzisoma

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2001 gari la Kifaransa, Renault Laguna, liliandika historia kwa kuwa la kwanza kupata nyota tano katika majaribio ya ajali yanayoendeshwa na Euro NCAP, chombo cha Ulaya kinachopima usalama wa magari mapya. Kabla ya hapo, magari yaliyofanya vizuri kuliko mengine yalikuwa yameishia nyota nne.

Tangu wakati huo nyota tano zimekuwa msemo wa wauza magari kila mahali. Mnunuzi huambiwa kwamba gari fulani lina nyota tano, naye huridhika bila kuuliza zilitolewa mwaka gani, na kwa mtihani upi. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua iwapo nyota hizo zina thamani kwake.

Laguna lililopimwa lilikuwa toleo la pili la jina hilo, lililoundwa katika kiwanda cha Sandouville, kaskazini mwa Ufaransa. Lilihesabiwa katika kundi la magari makubwa ya familia, yaani magari yenye nafasi ya watu wazima watano na mizigo yao, yasiyofikia ukubwa wala bei ya magari ya kifahari.

Ili kuelewa uzito wa matokeo yale, yafaa kurudi nyuma miaka minne. Euro NCAP ilitangaza matokeo yake ya kwanza Februari 1997, baada ya kugongesha magari saba madogo yaliyokuwa yakiuzwa sana Ulaya. Rover 100, gari la Kiingereza ambalo asili yake ni Metro ya mwaka 1980, liliambulia nyota moja. Picha za sehemu ya abiria ikiwa imekunjamana zilienea magazetini na katika televisheni, wanunuzi wakalikimbia, na utengenezaji wake ukasitishwa.

Watengenezaji hawakufurahi. Walidai kwamba vigezo vilikuwa vikali mno, kiasi kwamba hakuna gari ambalo lingeweza kupata nyota nne. Madai hayo hayakudumu, kwani Julai mwaka huo huo Volvo S40 lilipata nyota nne za ulinzi wa watu wazima. Ni vigumu kuikumbuka hoja nyingine ya wenye viwanda iliyokanushwa haraka namna hiyo, tena na mwenzao.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Gari lilivutwa kwa mwendo wa kilometa 64 kwa saa na kugongeshwa kwenye ukuta mzito uliowekewa kizuizi cha aluminiamu kinachobonyea, chenye vitundu kama sega la asali. Lakini halikugonga kwa upana wake wote. Asilimia 40 tu ya sehemu ya mbele, upande wa dereva, ndiyo iliyokutana na kizuizi.

Sababu yake itafahamika kwa yeyote aliyesafiri katika barabara ya njia mbili. Magari yanapokutana uso kwa uso, mara nyingi dereva mmoja huwa amehama upande wake, au wote wawili hujaribu kukwepa dakika ya mwisho, hivyo magari hugongana pembe kwa pembe. Katika hali hiyo nguvu yote hubebwa na upande mmoja wa fremu, huku upande wa pili ukisaidia kidogo sana. Gari lililo imara linapogonga ukuta kwa upana wote laweza kukunjika vibaya linapogonga kwa pembe.

Mwendo huo nao ulizidi matakwa ya sheria. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika kwa aina mpya za magari Oktoba 1998 ilidai jaribio la kilometa 56 kwa saa. Tofauti ya kilometa nane yaonekana ndogo, lakini nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo jaribio la Euro NCAP lilikuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 30.

Ndani ya gari huketishwa sanamu za watu wazima na za watoto zenye vipimo vya kunasa nguvu inayofika kichwani, shingoni, kifuani, kwenye mapaja na miguuni. Baada ya mgongano wapimaji hutazama pia usukani umerudi nyuma kiasi gani, pedali zimeingia wapi, na iwapo mlango wafunguka.

Kisha huja jaribio la ubavuni. Wakati ule toroli la kilo 950 liligongeshwa kwenye mlango wa dereva kwa kilometa 50 kwa saa. La mwisho, ambalo ndilo lililofungua njia ya nyota ya tano, ni la nguzo: gari lilisukumwa kiubavu kwa kilometa 29 kwa saa dhidi ya nguzo ya chuma yenye kipenyo cha takriban sentimeta 25, iliyolengwa kwenye kichwa cha dereva.

Hapa ndipo Laguna lilipojitenga na wengine. Bati la mlango haliwezi kukizuia kichwa kisifike kwenye nguzo. Kinachohitajika ni mfuko wa hewa unaoshuka kutoka kwenye paa kama pazia na kufunika madirisha, na Laguna lilikuwa nao kwa viti vya mbele na vya nyuma. Mikanda ya viti vya mbele nayo ilijikaza yenyewe mara gari linapogonga, ili mwili usisogee mbele kabla mfuko wa hewa haujafunguka.

Nyota hizo, hata hivyo, hazikusema lolote kuhusu uimara wa vifaa. Laguna hilo hilo baadaye lilijipatia sifa mbaya Ulaya kwa hitilafu za mfumo wa umeme. Gari laweza kumlinda dereva wake vizuri siku ya ajali, na kumsumbua siku nyingine zote.

Renault iliitumia sana sifa ya usalama katika matangazo yake, na washindani wakaamka. Mwaka 2003 Toyota Avensis, gari la kundi hilo hilo lililoundwa Burnaston, Uingereza, na kuuzwa hadi Japani, nalo lilipata nyota tano. Lilikuwa na mfuko wa hewa wa kulinda magoti ya dereva.

Kadiri magari yalivyofaulu, ndivyo mtihani ulivyofanywa mgumu. Mwaka 2009 Euro NCAP iliunganisha alama za watu wazima, watoto, waenda kwa miguu na vifaa vya kuzuia ajali kuwa daraja moja. Mwaka 2020 jaribio la mbele lililompa Laguna sifa liliachwa. Badala yake gari hugongana na toroli la kilo 1,400 linalokuja mbele yake, kila kimoja kikiwa katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa.

Matokeo yake yamewashangaza wengi. Fiat Punto, lililopata nyota tano mwaka 2005, lilipimwa tena mwaka 2017 likapata sifuri. Renault yenyewe haikusalimika: gari lake dogo la umeme, Zoe, lilikuwa na nyota tano mwaka 2013, lakini mwaka 2021 halikupata hata moja. Kwa Punto, gari lilibaki lilivyo na mtihani ukalipita. Kwa Zoe kulikuwa na jambo jingine, kwani mfuko wa hewa wa ubavuni uliokuwa ukilinda kichwa na kifua ulikuwa umebadilishwa kwa ule wa kifua pekee.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hulinyamazia. Jaribio la kugonga kizuizi hupima gari dhidi ya uzito wake lenyewe, hivyo nyota za gari dogo hazilinganishwi na za gari kubwa. Vyote vikipata nyota tano kisha vikakutana barabarani, kilicho kizito kina nafuu.

Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi, ambako magari mengi huingia yakiwa yameshatumika Japani, hayo yana maana ya moja kwa moja. Japani ina majaribio yake, JNCAP, yaliyoanza mwaka 1995, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko hilo hayakupimwa Ulaya. Majina nayo hupotosha: toleo jipya laweza kupata nyota tano ilhali toleo lililoegeshwa kwenye yadi ni la kizazi kilichotangulia.

Aidha, nyota hutolewa kwa gari jipya lenye vifaa vyake vyote. Mfuko wa hewa uliokwisha kufunguka katika ajali haurudishwi, hubadilishwa, na si kila fundi hufanya hivyo kabla ya kuziba usukani na kupiga rangi. Ufunguo unapowashwa, taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi sharti iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, au ikigoma kuzima, mnunuzi amwombe fundi wake aufungue mfumo huo kabla ya kulipa.