Viungo: Chagua vizima, usage mwenyewe

VIUNGO ndivyo vinavyotofautisha pilau na wali mtupu. Hata hivyo, si kila unga wenye harufu ya kuvutia unafaa kutiwa chunguni. Kinga ya kwanza ya mpishi ni kununua viungo vizima na kuvisaga mwenyewe, kwa kuwa unga huficha mengi.

Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 ulibaini kuwa mizizi ya bizari ya manjano ilikuwa ikipakwa kemikali yenye madini ya risasi ili ing'ae. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto wachanga na walio tumboni. Serikali ilipochukua hatua kali, sampuli za sokoni zenye sumu hiyo zilipungua kutoka asilimia 47 mwaka wa 2019 hadi sufuri mnamo 2021. Nchini Uingereza, mamia ya vyakula yaliondolewa madukani mwaka wa 2005 baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan I, inayohofiwa kusababisha saratani, kupatikana katika pilipili ya unga.

Kwa hivyo, rangi inayong'aa kupita kiasi isimvutie mnunuzi, imtie shaka. Mizizi ya bizari ioshwe vyema kabla ya kukaushwa na kusagwa.

Mdalasini nao una aina kuu mbili. Ule wa Sri Lanka una magamba membamba yaliyokunjwa tabaka kwa tabaka, nao huvunjika kwa urahisi. Ule wa Uchina na Indonesia ni mnene na mgumu, na una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini ikiliwa kwa wingi. Anayetia mdalasini katika chai kila siku ni heri achague ule mwembamba.

Adui mwingine ni unyevu. Pilipili isiyokauka vyema huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, ambayo haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka wa 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, waliokula mahindi yaliyoharibika. Viungo vyenye ukungu au harufu ya uvundo vitupwe, wala visichanganywe na vizuri.

Aidha, asiye na budi kununua vya unga asome maandishi ya pakiti. Baadhi ya michanganyiko ya mchuzi imejaa chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Atazame pia alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Nyumbani, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba zihifadhiwe katika vyombo vikavu vyenye vifuniko, mbali na meko na jua. Zisagwe kidogo kidogo, za kutosha wiki chache tu. Kinu na mchi vya bibi havijapitwa na wakati: anayetwanga mwenyewe anajua anachowalisha watoto wake.