Bidhaa mbovu ya mtandaoni: Nani wa kulipa?

MKULIMA wa Kiritiri, Embu, anaagiza pampu ya maji kupitia soko la mtandaoni. Analipa kwa M-Pesa na kuichukua mjini Embu. Shambani, pampu inazima baada ya dakika chache. Muuzaji yuko Nairobi, naye mwenye soko anadai kazi yake ni kuwakutanisha watu tu. Ni nani atawajibika?

Sheria humwanzia muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinamtaka mfanyabiashara anayeuza kwa maelezo atoe bidhaa ya ubora unaokubalika kibiashara. Aliyeikagua bidhaa kabla ya kununua, mathalan katika soko la Gakoromone mjini Meru, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Aliyenunua kwa kutazama picha hana kizuizi hicho.

Aidha, kupokea kifurushi si kuikubali bidhaa. Mnunuzi sharti apate nafasi ya kuikagua. Hata hivyo, akikaa nayo muda mrefu kimya, hupoteza haki ya kuirudisha, ingawa bado aweza kudai fidia.

Je, mwenye soko? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamjumuisha wakala wa muuzaji, pamoja na anayejitokeza kama muuzaji, miongoni mwa wanaowajibika. Hivyo basi, ni muhimu kujua iwapo soko lilipokea pesa, likahifadhi na kusafirisha bidhaa, au lilichapisha tangazo tu. Mnamo 2020, mahakama ya rufaa jimboni California, Marekani, iliamua kuwa Amazon yaweza kuwajibishwa kwa betri ya kompyuta iliyolipuka, japo muuzaji alikuwa mwingine. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini waweza kutajwa katika hoja.

Madai yasiyozidi Sh1 milioni huweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya 2016. Mlalamishi halazimiki kuwa na wakili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apate jina kamili la muuzaji, kisha ahifadhi picha ya tangazo na ujumbe wa malipo. Haki ipo, lakini asiyejulikana hashtakiki.