Kalamu Nyekundu Kizimbani

Mwaka 1996, jarida la Language Learning lilichapa makala iliyowakera walimu wengi wa lugha. John Truscott, mhadhiri nchini Taiwan, alidai kuwa kusahihisha sarufi katika insha za wanaojifunza lugha ya pili hakuwasaidii, na huenda kunawadhuru: mwanafunzi aliyechoshwa na wekundu hujibanza kwenye sentensi fupi anazozimudu. Dawa yake? Walimu waache kabisa kusahihisha sarufi.

Ugomvi huo ulikuwa na mizizi. Mwaka 1967 mwanafalsafa Michael Scriven alitenganisha tathmini ya kurekebisha kazi inayoendelea na ile ya kuihukumu ikishamalizika. Yeye alizungumzia mitaala. Mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom ndiye aliyeileta hoja kwa mwanafunzi. Darasa la uandishi lilichelewa. Mwaka 1985 Vivian Zamel alichunguza walivyosahihisha walimu 15 wa Kiingereza, akakuta vituko: mwalimu anataka aya ipanuliwe, na papo hapo amenyoosha vitenzi na koma za aya ileile. Mwanafunzi aandike upya au abadilishe koma?

Tanzania nako, Azimio la Musoma la 1974 lilikataa mtihani wa mwisho uwe kipimo pekee, na alama za mazoezi zikaanza kuhesabiwa. Nia njema, ila zoezi likishaingizwa kwenye rekodi ya alama limegeuka mtihani mdogo. Aliyepata 8 kati ya 20 huambiwa "fanya masahihisho". Ananakili maneno yaliyorekebishwa, na insha yenyewe hairudii.

Dana Ferris alimjibu Truscott mwaka 1999: masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na kueleweka husaidia. Lakini mwaka 2004 mwenyewe alikubali kuwa ushahidi bado ni haba. Mwaka 2008 John Bitchener, huko New Zealand, alishughulikia kosa moja tu, matumizi ya "a" na "the", vijineno vinavyotutoa jasho sisi wa Kiswahili. Waliosahihishwa waliwazidi wenzao, hata miezi miwili baadaye. Mwaka huohuo Truscott alirudi na utafiti wake: masahihisho huboresha insha inayorudiwa, si inayofuata.

Mimi nipo na Bitchener, hasa nikimfikiria mwalimu wa kidato cha kwanza mwenye rundo la madaftari mezani. Wiki hii aangalie kosa moja, mengine yasubiri. Kazi itakuwa kwa mzazi atakayefungua daftari na kukuta makosa kumi hayajaguswa.